Kompaila ya Kisima cha Baba

Mwaka ule wa ukame, pampu ya kisima cha baba yangu kule Kajiado ilizunguka bila maji mpaka mota ikaungua. Ng'ombe wakapelekwa mbali kunywa kwa jirani. Aliponunua mota nyingine nilimwahidi kisanduku cha kuizima pampu maji yakipungua. Ningeshindwa, hii nayo ingeungua, na kisima cha jirani kilikuwa kimeshakauka.

Kisanduku tulikiunda mimi na mume wangu sebuleni kwetu Kitengela. Chipu yake ilikuwa ndogo mno kujitengenezea programu, hivyo kompyuta yetu iliitengenezea, kwa kompaila maalumu, yaani programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya chipu. Kompaila yenyewe iliundwa na programu nyingine, nayo, jamani, ilikuwa na maswali! Chipu ni ya aina gani? Ya modeli gani? Inaweza hesabu za desimali? Kwa njia ipi? Kwetu Umaasaini ukishamtaja baba yako, mzee haulizi tena ukoo.

Mume wangu hatupi kitu, hata kandambili ya mguu mmoja. Kila swali la kama chipu inaweza kitu fulani, alijibu ndiyo.

"Wacha kila kitu kikae, mama watoto. Huwezi jua, siku moja tutakihitaji."

Kwa huwezi jua hiyo akakubali desimali ambazo chipu yetu haikuziweza. Kisanduku kiliwaka vizuri, kikafika kwenye kupima kina cha maji, kikazimia. Kuunda kompaila upya kulichukua kutwa nzima, na stima ikipotea tunaanza mwanzo.

Mimi sina subira. Alipoenda sokoni nikaifungua ile programu na kufuta maswali, nikabakisha moja tu: chipu gani? Majibu mengine yote nikayafunga kwenye jina la chipu, yajitokeze yenyewe.

Aliporudi alisimama nyuma yangu kama mtu aliyefiwa.

"Umetupa maswali yote?"

"Yote."

"Hata la desimali?"

"Hilo ndilo nililoanza nalo."

Safari hii kisanduku kilihesabu, tukakipeleka Kajiado. Ng'ombe walikuwa katikati ya kunywa pampu iliponyamaza.

"Hii kitu imekufa?" baba akauliza.

Akaweka kiganja kwenye mota. Haikuwa ikichoma. Tukangoja maji yajikusanye tena kisimani, na pampu ikaanza yenyewe, hakuna aliyeigusa.

Tangu mota mpya ifungwe, baba alikuwa akilala kando ya pampu ili aisikilize. Jioni ile alikunja blanketi lake, akatutangulia nyumbani.