Waya wa Kijani Usiofika Ardhini

Baba yangu ni fundi umeme, na hilo atakwambia kabla hujamaliza kumsalimia. Akiingia kwa mtu anaangalia dari kwanza, watu baadaye. Akiona swichi imekaa upande, hata kama ni msibani, ataguna. Mtaani wanamwita Bwana Taa. Walimpa jina hilo kwa utani, yeye akalipokea kama cheo.

Nyumba yetu aliifunga umeme kwa mikono yake, zawadi kwangu na kwa mume wangu tulipooana. Kwa hiyo kwetu umeme hausemwi vibaya. Taa ikiungua, kosa ni la taa. Mashine ya kufulia ilipoanza kunitekenya vidole kila nikiigusa na mikono yenye maji, nilimpigia simu, akacheka. Akasema mashine ya chuma haikosi ukorofi, nivae kandambili. Nikavaa. Mtoto wetu alipoanza kutembea, baba akasema hivyo hivyo, naye nikamnunulia zake.

Kisha tukanunua gari la umeme, dogo, lililokwishatumika. Lilikuja na waya wake wa kuchajia wenye kisanduku katikati, na kwenye kisanduku kuna taa. Unachomeka upande mmoja kwenye soketi ya ukutani, upande wa pili kwenye gari, taa ikiwaka kijani unakwenda zako. Kwetu iliwaka nyekundu. Tukijaribu asubuhi nyekundu, tukijaribu jioni nyekundu. Kiwandani anakofanya kazi mume wangu, kwenye stoo ya rangi, waya ule ule uliwaka kijani bila maneno.

Basi mume wangu akawa anachajia kazini, anarudi jioni anaegesha gari kimya kimya. Nilimwambia tumwite baba. Alisema tusimsumbue mzee. Nikasema tuna fundi ndani ya ukoo halafu tunahangaika kama yatima? Nikamwita mimi.

Baba alikuja Jumamosi asubuhi, shati limepigwa pasi, mkoba wa vifaa begani. Alilizunguka gari, akaligonga bodi kwa kidole, akatangaza kwamba hili si gari, ni simu yenye matairi. Tulicheka. Akabadilisha soketi. Nyekundu. Akabadilisha breka inayokata umeme ukizidi. Nyekundu. Akavuta waya mpya, mnene, kutoka kwenye boksi la meni swichi mpaka nje kwenye gari, jasho likimtoka. Nyekundu. Kila mara alikuwa na la kusema: soketi za siku hizi ni plastiki tupu, breka za siku hizi zina deko. Nilipomkumbusha kwamba kiwandani gari linachaji, akasema umeme wa kiwandani hata jiwe ungelichaji.

Mume wangu alimshikia tochi muda wote. Ndiyo baba. Sawa baba. Nilidhani amechoka tu.

Mwishowe baba alifunga mkoba, akatoa hukumu kwamba tumeuziwa mbuzi kwenye gunia, turudishe gari lao. Akakichukua kile kisanduku ili amwoneshe mume wangu ubovu wa vitu vya kuagiza. Akavaa miwani. Pembeni ya taa nyekundu kulikuwa na kijialama kidogo, mstari uliosimama na chini yake mistari mitatu inayozidi kuwa mifupi. Alama ile baba anaijua kuliko anavyoijua sura yangu. Akakiweka kisanduku chini, sentensi haijaisha.

Alikwenda hadi kwenye kona ya nyumba, akakisogeza chungu changu cha maua. Waya wa kijani ulikuwa umetoka ukutani, umekunjwa vizuri, umefungwa kwa utepe mweusi, ukaishia hapo. Haukufika ardhini. Huo ndio waya wa ethi, ndio uliotajwa na ile alama. Kazi yake ni kuuchukua umeme uliopotea njia na kuuzamisha chini kabla haujapita mwilini mwa mtu, na ni lazima ufungwe kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa udongoni. Siku anafunga nyumba yetu, alitueleza baadaye, fimbo alikuwa nayo mkononi. Mteja mmoja akapiga simu, kazi yake inakuja kukaguliwa, baba akaondoka na fimbo akaahidi kurudi na nyingine. Kwa mwanawe hakukuwa na mkaguzi. Na kwa kuwa kila kitu kiliwaka, alisahau. Gari ndilo la kwanza kumkatalia.

Alibaki ameinama pale. Mimi niliuliza ni nini, mume wangu hakuuliza, na hapo ndipo baba alipogeuka.

"Mkwe, ulijua?"

Mume wangu aliizima tochi, mchana kweupe. Akasema fundi wa waliotuuzia gari alimwambia kwenye simu, siku za mwanzo kabisa.

"Nilishindwa, baba. Ningekuambiaje?"

Nilisikia aibu imenipanda mpaka masikioni, aibu yao wote wawili ikinijia mimi. Mtu anamstahi baba mkwe wake, sawa, ndivyo tulivyolelewa. Lakini kuna mtoto anayetambaa na kutembea katikati ya heshima ya wanaume hawa, na hajui lolote. Nilitaka kumgombeza mume wangu, na sikuweza mbele ya baba. Nilitaka kumgombeza baba, na sikuweza mbele ya mume wangu. Nikabaki nimesimama na hasira yangu kama mgeni aliyekosa kiti.

Baba aliuliza, bila kuniangalia, kama mjukuu wake amewahi kupigwa na umeme.

"Ndiyo," nilisema. "Kwenye mlango wa mashine ya kufulia. Alilia mpaka sauti ikakauka. Nilikupigia, baba. Ukaniambia nimvalishe kandambili."

Akakaa juu ya mkoba wake. Sijawahi kumwona baba amekaa wakati kazi haijaisha. Alijipangusa uso kwa mkono mchafu, akaacha alama nyeusi kwenye paji, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia.

"Mkwe," alisema, "ukiniona tena nafanya ujinga nyumbani kwako, nivunjie heshima. Nakuomba."

"Ndiyo, baba," mume wangu akajibu, kisha akajisikia mwenyewe, akatazama chini.

Baba alikwenda dukani kununua fimbo. Akarudi akaipigilia mwenyewe, amekataa kusaidiwa, nyundo ikiteleza kwa jasho, mpaka mume wangu akamshika mkono, akaichukua nyundo, bila kusema ndiyo wala sawa. Walipofunga waya, taa ya kisanduku ikawaka kijani mara moja. Hakuna aliyeshangilia. Baba hakwenda hata kuangalia.

Alikuwa ananawa bombani aliponiuliza kama dada yuko nyumbani. Dada yangu mkubwa anakaa upande wa pili wa mji na ana mapacha. Nilianza kuuliza kwa nini, kisha nikakumbuka nani aliwafungia umeme, na kwamba nao ilikuwa zawadi. Wateja wa baba wote wana fimbo zao. Wanawe ndio walioambiwa wasubiri.

Akaniomba nimpigie mimi, nimweleze mimi, yeye hawezi. Nikapiga. Dada akapokea akicheka, nyuma yake watoto wanagombana, maji yanamwagika mahali fulani. Nikamuuliza hali, nikamuuliza mapacha wamekula nini. Baba alinitazama, akanyoosha mkono wake uliolowa, akaichukua simu.

"Mama, watoe watoto kwenye maji, halafu nenda kazime meni swichi," alisema. "Hapana, leo sitanii. Zima kwanza. Halafu ukae, nikwambie baba yako alichokufanyia."