Dakika Tatu za Posta ya Iringa

Enzi zetu kule Kilolo hakuna aliyenuna kwa sababu mtandao unasumbua. Barua ilikwenda taratibu, ikalala Iringa, ikalala Makambako, na ilipofika Mbeya habari zake zilishachacha. Telegramu ilikimbia, lakini ililipiwa kwa kila neno, kwa hiyo watu waliandika "Baba mgonjwa njoo", na aliyeipokea alianza kulia kabla hajafunga mzigo. Halafu kulikuwa na simu. Dakika tatu za kuongea na Mbeya zilimeza gunia zima la viazi, na sisi tulioamka na ukungu kuvichimba viazi hivyo tulijua uzito wa dakika. Wajukuu zangu wanaolalamika video ikizunguka kidogo tu, ningewapeleka huko wiki moja wakachimbe viazi alfajiri, wapate akili.

Nikiwa darasa la nne, dereva wa lori alileta habari kwamba shangazi Oliva, dada yake baba aliyeolewa Ilomba, Mbeya, amejifungua na hali ni mbaya. Hali ya nani, hakujua. Bibi, mama yao, aliacha kula. Baba akauza gunia, akamtuma kondakta wa basi amwambie mume wa shangazi amlete mkewe Posta ya Mbeya Jumamosi asubuhi, kama anaweza kutembea.

Njiani kwenda Iringa mjini baba alimfundisha bibi kama anafundisha mtoto wa chekechea. "Mama, salamu moja tu. Muulize anaumwa nini, mtoto yukoje, tumsaidieje. Maneno ya simu yanalipiwa." Bibi akaitikia kila mara.

Posta ilinukia gundi ya stempu. Tulikaa kwenye benchi, mimi na sweta la kaka yangu lililonifika magotini, mpaka mama wa kuunganisha simu alipoita, "Mbeya! Ingieni kibanda cha pili." Tukajibana humo wote watatu. Bibi akashika mkonga wa simu kwa mikono miwili, akapaza sauti ili ifike Mbeya kweli: "Kamwene!" Sauti ya shangazi ikaitikia, nyembamba, ya mbali. Alikuwa hai! Nilitamani kuruka, ila nafasi haikuwepo.

Basi bibi akaanza salamu za Kihehe kama vile amekaa jikoni kwake. Akamsalimia mwanawe, akasalimia mkwe, mama mkwe, watoto wakubwa kila mmoja kwa jina, kile kichanga, kisha majirani, ng'ombe, kuku, mpaka mahindi ya shambani. Baba alimvuta kanga, akamwonyesha saa, akakunja uso. Wapi! Alikuwa anaulizia maharage simu ilipokatika.

Nje baba alishindwa kujizuia. "Mama, gunia zima tumelinunulia salamu! Hata hatujui mtoto anaendeleaje."

Bibi alikuwa anafunga kanga yake upya. "Mtoto hayupo," akasema. "Wote aliwaitikia. Nilipofika kwa mtoto, akanyamaza. Ningemuuliza, angelia mbele za watu, na mimi siko karibu nimshike. Ndiyo maana nikampeleka kwa ng'ombe na kuku."

Baba akavua kofia. Nilimlilia binamu ambaye sikuwahi kumwona. Bibi hakurudi nasi Kilolo. Alipanda basi la Mbeya na kanga aliyovaa, akakaa na shangazi mpaka mvua za kwanza. Na lile gunia halikutajwa tena nyumbani kwetu.

Siku hizi nina bando la mwezi, lenye kasi ya kunionyesha binti yangu aliyeko Dar mpaka kipini cha puani. "Mama, mambo? Uko poa? Haya, nakutumia picha." Kabla sijavaa miwani, ameshakata. Simlaumu, ndivyo walivyozoea, na picha zake ni nzuri. Ila tangu baba yake afariki kuna mengi ambayo siwezi kuyasema kwa kuulizwa mara moja. Dakika ninazo tele. Ninamkosa mtu wa kunisalimia taratibu, mpaka afike pale ninaponyamaza.