Flashi ya Binti wa Wawi

Andika, Zuhura, wala usipunguze neno. Haya sikuhadithiwa. Yalinifika mwenyewe, nyumbani kwangu Madungu, baada ya sala ya adhuhuri, jua likiwaka na akili yangu timamu.

Mimi sikusoma, lakini kazi yangu naijua: nawaosha wanawake wanaofariki. Kwa desturi yetu, nguo alizofia maiti hupewa mwoshaji. Mwezi mmoja kabla ya siku hiyo nilimwosha binti wa kijiji cha Wawi, mwenye kovu la pasi kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Katika fundo la kanga yake nilikuta kidude cheusi, ukubwa wa kidole gumba. Nikakidhania takataka. Nikakitupa ndani ya ufuo, lile shimo la kupokea maji ya kuoshea maiti, nalo likafukiwa. Sikuwauliza wafiwa.

Sasa, mjukuu wangu huyu alikuwa na kazi yake ya mwisho ya chuo, iliyotakiwa ifike kabla ya alasiri. Ikichelewa, mwaka umempotea. Kompyuta yake kongwe ikawa inajikokota.

‘Bibi, hata wewe na magoti yako unaishinda hii.’

‘Magoti haya ndiyo yaliyokubeba,’ nikamjibu.

Mara akaingia mwanamke, hakupiga hodi, akaketi kitini. Pindo la buibui lake lilikuwa limerowa, na mvua haikunyesha.

‘Nashikamoo, bibi. Nasikia mashine imechoka.’ Akamnyooshea Zuhura flashi nyeusi. ‘Ichomeke, kisha uiamuru mashine iazime nafasi ya kumbukumbu humu. Itakuwa nyepesi. Yangu niliitibu hivi hivi.’

Zuhura akachomeka. Niamini, ile mashine ilikimbia. Lakini ilitoka harufu ya kafuri tunayowapaka maiti, na chini yake harufu ya maji yaliyolala. Penye tundu pakachuruzika ute wa kijivu, mzito kama makamasi, ukapenya baina ya vitufe. Zuhura akaufuta kwa vidole viwili, akaendelea kuchapa.

Nikautazama mkono wa mgeni. Nikaliona kovu la pasi.

‘Wewe ni binti wa nani?’

‘Ulinishika hapa, ukasema, maskini, ngozi laini hivi. Kisha changu ukakitupa kwenye uchafu wangu.’

Maneno hayo niliyasema chumbani tukiwa wawili tu, mimi na mwenzangu wa kumimina maji. Watatu, ukimhesabu maiti. Nani angemwambia?

‘Zuhura, chomoa hicho.’

‘Kidogo tu, bibi, inakwenda.’

Kazi ilipokwisha kwenda, akachomoa. Flashi ilikuwa laini, yenye joto, kama ulimi. Tulipoinua macho, kitini palikuwa na maji tu.

Kabla ya magharibi nilikuwa Wawi, nimekifunga kidude kile katika leso, kikiwa kimekauka, kigumu kama vingine. Mama wa marehemu alikipokea akalia. Alikuwa akikitafuta tangu msiba. Ndimo zilimokuwa picha zote za mwanawe. Nilimwomba radhi, akanisamehe.

Zuhura alifaulu. Lakini vile vidole viwili havijakauka hadi leo. Ni vyeupe, vimekunjamana, baridi, kama vya niliowaosha, na vinanuka kafuri. Mungu anisamehe, siwezi kula naye sahani moja. Haya anayaandika kwa mkono wa kushoto.

Nawe uliyesoma, ukikuta kitu kwenye nguo ya maiti, hata pini, kirudishe kwa wenyewe. Na anayekuletea flashi ya kuiponya kompyuta yako, muulize kwanza ilikuwa wapi, kabla hujaigusa.

Basi, Zuhura. Kanawe tena.