Sahihi ya Pili

Pale makumbusho kila mtu alimwita Sikio, kuanzia mkurugenzi hadi mfagizi. Jina alilipata ujanani, siku aliyoketi kwenye ngazi za nyuma na kuwatajia wenzake ndege kumi na wanne waliokuwa wakilia bustanini, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe chake cha chai. Tangu hapo, kila kongamano la elimu ya viumbe lilipofanyika mjini kwetu, yeye ndiye aliyepewa wajumbe siku ya nne, siku ya matembezi, awapeleke kwenye kinamasi. Kwa miaka ishirini na sita aliwapeleka na kuwarudisha wakiwa na matope magotini na furaha usoni.

Nyumbani, mkewe alijua kabla ya mtu yeyote. Birika la filimbi lilipiga kelele jikoni hadi maji yakakauka, naye Sikio amekaa hatua tatu tu kutoka hapo, anasoma gazeti. Mkewe akamtania kwamba masikio yake yamestaafu yakamwacha kazini. Yeye akasema birika limechoka. Wakanunua jingine, na hilo nalo likaonekana bovu vilevile.

Katika kinamasi kile aliishi ndege mmoja mdogo, rangi ya matope makavu, ambaye hatoki kwenye matete hata umsubiri mchana kutwa. Huwa humwoni, unamsikia tu, sauti ya juu na nyembamba kama ncha ya sindano, na ndiyo maana watu wa makumbusho walimwita kisindano. Alipatikana sehemu chache sana, na maadamu alikuwepo, sheria ilikataza kinamasi kuguswa. Kila mwaka baada ya mvua alihesabiwa kwa masikio. Njia ya mbao ina vituo kumi na viwili. Unasimama dakika kumi katika kila kituo, kimya, unaandika ulichosikia. Kanuni inataka wahesabuji wawili na fomu ina nafasi ya sahihi mbili.

Bajeti ilipobanwa, mhesabuji wa pili alikatwa kwanza. Kwa wakubwa waliokaa kwenye viti vya kuzunguka, watu wawili kusimama porini wakisikiliza ilikuwa anasa. Basi Sikio akaenda peke yake. Mwaka ule aliandika: hakuna. Mwaka uliofuata akaandika tena: hakuna. Siku hiyo mkewe alimkuta amekaa sakafuni bafuni, viatu vya matope bado mguuni, analia kama aliyefiwa. Nafasi ya sahihi ya pili ilibaki wazi miaka yote miwili. Fomu ilipita meza tano, na meza zote tano ziliigonga muhuri.

Kampuni moja ya maghala ilikuwa imekitolea macho kinamasi kile muda mrefu. Ilipata kibali. Kifusi kingeanza kumwagwa mwezi mmoja baada ya kongamano, na kongamano lenyewe kampuni ililidhamini; nembo yake ilikuwa kwenye mikoba waliyogawiwa wajumbe.

Mratibu wa matembezi, mwanamke makini aliyependa mambo yaende kwa ratiba, alitaka kinamasi kifutwe kwenye orodha. Sikio akamwomba safari moja ya mwisho, ya kuaga. Wakajiandikisha wajumbe ishirini na wawili. Ndani ya basi aliwaeleza habari za kisindano kwa sauti ya mtu anayesoma wasifu wa marehemu: hesabu ya mwisho walikuwa tisa, kisha kimya.

Walifika alfajiri imekwishapasuka, ukungu ungali juu ya matete. Katika kituo cha saba walisimama. Mjumbe mmoja, mama mwenye mvi ambaye utaalamu wake ulikuwa buibui wala si ndege, akamgusa begani.

"Samahani, mwalimu. Huyu anayelia kama sindano ni nani?"

Sikio alidhani anafanyiwa mzaha. Alisikia vyura, alisikia mbao zikilalamika chini ya miguu, basi. Akawatazama wengine. Wote walikuwa wamegeuza vichwa upande mmoja.

Akamwomba yule mama anyooshe kidole kila atakaposikia. Kidole kikanyooka. Kikashuka. Kikanyooka tena, upande wa pili. Sikio akaelekeza darubini kule, akasubiri, na kwa bahati ambayo hakuwa ameipata zaidi ya mara tatu maishani mwake, bua moja likainama na ndege akatokeza. Alimwona waziwazi. Mdomo ulikuwa wazi, koo linatetemeka, kifua kimevimba kwa juhudi. Wala sauti haikuwepo.

Alishusha darubini polepole, akakifuta kioo chake kwa pindo la shati, ingawa hakikuwa kichafu.

Wajumbe walishangilia, wakapongezana. Yeye alitembea hadi kituo cha kumi na mbili akifuata kidole cha mtaalamu wa buibui, akiandika. Walikuwa saba.

Mlangoni mwa basi mratibu alimvuta kando. Akamwambia kwa upole kwamba bado miaka mitatu astaafu, kwamba wageni wale kesho kutwa watakuwa makwao, na kwamba ndege wa matete wanafanana.

"Kaa kimya, kaka," akamaliza. "Ukifungua mdomo unajimaliza mwenyewe, na kibali kitabaki palepale."

Mtu asiye mwoga anaweza kunyamaza kwa sababu hizo, nami simlaumu anayenyamaza. Nawalaumu waliopanga dunia hivi, kwamba ukweli udaiwe kwa aliye na kidogo, na wenye vingi waachwe wapumzike. Sikio alipanda basi, akasimama mbele, akachukua maikrofoni.

"Ndege mliyemsikia leo hakuwahi kuondoka," alisema. "Mimi ndiye niliyeandika kwamba hayupo. Simsikii. Sijamsikia kwa miaka miwili, nikadhani kimya kile ni chake, kumbe ni changu. Kwa karatasi yangu ndiyo watafukia hapa. Naomba mniandikie mlichosikia."

Waliandika wote ishirini na wawili, migongo ya viti ikiwa meza zao. Mratibu alitazama dirishani hadi mjini.

Sikio aliambatanisha barua zile na yake, na cheti cha daktari aliyempima. Daktari alikuwa amemchorea mstari unaoporomoka: sauti za chini anazo, za juu zimekwenda, na kifaa cha kuvaa sikioni kingemsaidia kusikia maneno ya watu, lakini kisindano asahau.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Nimelisoma mara nyingi na bado linanichemsha damu. Lilisema wageni waliopita asubuhi moja si wahesabuji walioidhinishwa, na kwamba ushahidi wa mtumishi anayekiri kuwa hasikii hauwezi kutengua ripoti halali. Ripoti halali ilikuwa yake yeye huyohuyo, na masikio ni yaleyale. Yaliposema hakuna yalikuwa masikio ya mtaalamu. Yaliposema yamekosea yakawa ya kiziwi.

Alihamishiwa stoo, chumba kisicho na dirisha chenye harufu ya dawa ya nondo, akaandika upya lebo za ndege waliokaushwa. Matembezi akapewa mwingine. Wenzake waliendelea kumwita Sikio, kisha mmoja akasita, kisha wote wakaacha, na hilo lilimuuma kuliko stoo.

Kila Jumapili alikwenda kinamasini na mkewe. Mkewe alimshika kifundo cha mkono, na kila aliposikia kisindano alibonyeza. Mara ya kwanza alibonyeza mara sita katika vituo vyote. Sikio alifumba macho akicheka kimyakimya, na mkewe akamwambia, "Mzee, unacheka peke yako kama kichaa." Malori yalianzia kituo cha kumi na mbili. Wiki zilivyokwenda wakawa wanne, kisha wawili, njia ya mbao ikifupika kutoka mwisho.

Jumapili ya mwisho kilibaki kituo cha kwanza tu. Walisimama. Vidole vya mkewe vilitulia juu ya ngozi yake. Dakika kumi zikapita, wakaongeza kumi nyingine.

"Labda malori yamemfunika sauti," mkewe akasema, akimsogelea asikie.

"Leo malori yamelala, mama watoto."

Sikio akatoa fomu ya zamani aliyoikunja mfukoni, akajaza tarehe, akaandika hakuna, akatia sahihi yake. Kisha akampa mkewe kalamu, akamwonyesha kwa kidole nafasi ya pili.

Mkewe aliiweka fomu juu ya goti, akatia sahihi.