Mama Mkwe na Kisahani cha Maabara

Miaka ile pale kijijini Kerende, kama huchimbi dhahabu basi unamsubiri anayechimba. Mimi nilikuwa namsubiri mume wangu. Shimo lake lilipoanza kutoa vizuri, tuliamua kwenda kupandikiza mimba, maana tulikuwa tumeoana muda mrefu bila mtoto.

Tulianzia Mwanza, kwenye kliniki yenye picha kubwa za mapacha ukutani. Daktari hakuniuliza hata swali moja. "Mapacha wa kiume," akasema, "uhakika!" Mume wangu alitoka pale anachekelea, watoto ameshawapa majina.

Nikamuuliza, "Mtu akikuambia jiwe lina dhahabu kabla hajalisaga, unamwamini?"

Akaacha kuchekelea, akashika njia ya stendi.

Kisumu, ng'ambo ya mpaka, anakoishi shangazi yangu, tulimpata daktari mwanamke. Aliuliza maswali hadi nikachoka, akataka na mume wangu apimwe, halafu akatuambia wazi kwamba huenda mimba isishike. Nikamchagua huyohuyo.

Kazi ikabaki kumweleza mama mkwe. Nilimwambia nitachomwa sindano ili mayai yangu yakomae mengi kwa pamoja, yatolewe, yakutanishwe na mbegu za mwanawe kwenye kisahani maabara, na baada ya siku chache kiinitete kirudishwe tumboni mwangu.

Akafikiri, akamgeukia mwanawe, akamwita kijana kwa Kikurya. "Mura, sasa wewe kazi yako itakuwa nini?"

Mume wangu akakumbuka ghafla kwamba kuna ng'ombe hajafungwa.

"Na hicho kisahani," mama akaendelea, "nani anakiosha?"

Siku ya kutolewa mayai alisafiri nasi, amebeba sahani yake ya bati yenye maua, ameisugua kwa majivu na kuifunga kwenye kanga. Pale Sirari afisa wa mpakani alimuuliza ni ya nini. "Ya mjukuu," akajibu, akapita.

Daktari aliipokea kwa mikono miwili. Akamwonyesha kisahani chao, kipya, bado kimefungwa, kikishatumika kinatupwa. Mama akakigeuza huku na huku.

"Mtoto wa Kikurya ataenea humu?"

"Kwa siku hizo, mama, hata kwa macho haonekani."

Mama akasikitika sana.

Kisha mume wangu aliitwa chumbani kutoa mbegu. Alipotoka anatazama sakafu, mama akauliza kwa sauti ya kuitia ng'ombe, "Mura, umezitoa?" Ukumbi mzima ukageuka. Bwana mmoja alijifunika uso kwa gazeti.

Mara ya kwanza mimba haikushika. Nililia, naye mama mkwe akalia kunishinda, kisha akanipikia uji na kunikataza kugusa jembe. Mara ya pili ikashika, tukapata binti.

Mama alizunguka kijiji kizima akiwaeleza majirani inavyofanyika, kwa maneno na kwa mikono. Kila alipokaribia sehemu ya mwanawe, mume wangu alichukua sururu akaenda shimoni, hata siku ya mapumziko.