Paa Lisilo na Nondo

Kabari amepiga magoti chini ya paa la zege, nyundo mkononi, macho juu. Hapigi bado. Anasikiliza.

Paa lenyewe ni jembamba, unene wa vidole vitatu, limejikunja kama sufuria iliyofunikwa kifudifudi. Linakanyaga chini kwenye pembe nne. Kati ya pembe hizo kuna msitu wa miti ya kuegemeza aliyoisimamisha mwenyewe, na leo miti hiyo inatoka.

"Sisi mafundi ndivyo tulivyo. Ukiweka miti, unaingia mwenyewe kuitoa," anasema. "Huwezi kumtuma mtoto wa mwenzio."

Mama huyu wa watoto wanne ni seremala wa kutengeneza mbao zinazoshikilia zege mpaka likauke. Jina la utani, Kabari, alilipata kutokana na vile vipande vya mbao anavyovipachika chini ya kila mti ili ubane. Ameshika kazi hii miaka kumi na saba: ngazi, matangi ya maji, sakafu za ghorofa. Kote huko alikuta nondo kwanza, zege baadaye.

"Hapa lori lilishusha mchanga, kokoto na saruji. Nondo sikuziona hata kwa dawa. Nikajiambia, kuna watu wameshiba."

Wifi yake, anayeuza chai kwenye geti la eneo la utafiti linakojengwa paa hili, alishatoa hukumu zamani.

"Zimeliwa, wifi yangu. Msimamizi wa ujenzi kapaka nyumba yake rangi mwezi huu huu. Ya kijani! Mshahara gani unapaka kijani?"

Watafiti wenyewe, wa fizikia na uhandisi, wanasema hakuna kilicholiwa. Wanachunguza jinsi jengo linavyoweza kubebwa na umbo lake. Kiongozi wao vibarua wanamwita Mwalimu wa Shuka, kwa sababu alitundika shuka lililolowa kwa pembe zake nne, akaliacha libonyee, akalipaka jasi. Lilipokauka akaligeuza juu chini, na vipimo vya paa vikatoka hapo.

"Shuka likining'inia, kila uzi unavutwa," anaeleza. "Ukiligeuza, kila sehemu inabanwa. Zege linastahimili kubanwa, likivutwa linapasuka. Nondo tunaziweka pale linapovutwa. Humu hakuna linapovutwa. Umbo ndilo nondo yetu."

Kabari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwizi gani angechukia hesabu kama hiyo?" anauliza.

Haogopei kichwa chake peke yake. Paa hili likisimama, kubwa zaidi la aina hiyo litajengwa juu ya darasa la watoto wadogo katika shule ya mtaani kwake, anakosoma kitindamimba wake. Ameshaombwa atengeneze mbao zake, na hajajibu.

Anasogea pembeni na kuinua nyundo.

"Hapana, dada! Wa katikati kwanza!" Mwalimu anapiga kelele.

Kabari anatoka akijikung'uta magoti. "Rudia, Mwalimu."

"Anza katikati, uje nje kidogo kidogo, pande zote sawa."

"Nitoe mti wa katikati nami niko chini yake? Nimekukosea nini?"

Vibarua wanaangua kicheko. Wasichojua ni kwamba mti huo Kabari hakukusudia kuutoa kabisa. Yeye na wifi yake walikubaliana ubaki pale kwa usalama.

Mwalimu habishani. Analeta vipaa vidogo vya jasi, mifano ya paa hili, na kushika kimoja.

"Hicho umekipasua nyumbani," anasema Kabari. "Nachagua mwenyewe."

Anachomoa cha chini kabisa, anakiweka juu ya ubao, anakitwisha matofali mawili. Hakivunjiki. Mwalimu anayatoa matofali, anasimamisha kipande cha penseli chini ya kitovu cha kipaa hadi pembe zinaning'inia kidogo, kisha anamwambia azikandamize. Anakandamiza.

Tak! Vipande viwili.

"Paa lazima lishuke kidogo lipate kukaa," anasema Mwalimu. "Ukilizuia katikati, unalivunja mgongo."

Kabari anaviweka vipande kando. Halafu anageukia kivulini, aliko msimamizi.

"Bosi, twende wote."

"Mimi si fundi."

"Fundi nipo. Nataka mtu anayejua kilichomo ndani ya zege."

Msimamizi anamtazama Mwalimu, anawatazama vibarua, anaingia. Shati limeshamlowa mgongoni.

Nyundo inalia. Mti wa katikati unalegea, unaanguka. Unafuata wa pili, wa tatu. Paa linatoa mlio mdogo, kama kiti kinachokaliwa na mtu mnene. Msimamizi anamdaka Kabari bega.

"Tulia, bosi. Kama ni kufukiwa, tunafukiwa wote."

Mti wa mwisho unatoka. Paa limesimama. Mwalimu anapima: limeshuka unene wa ukucha. Wanalipandishia mifuko ya mchanga, na halipasuki hata unywele.

Wifi analeta chai, lakini anasimama nje ya kivuli cha paa na kunyoosha mkono tu. "Makubwa! Lakini ile rangi ya kijani bado sijaielewa."

Na darasa la watoto? Kabari anapuliza chai yake.

"Umbo nimeliamini nusu. Watu bado."

Sharti lake amelitaja mbele ya wote: msimamizi ahamishie meza yake chini ya paa hili kwa msimu mzima wa mvua. "Siku nitakayopita mvua inapiga, nimkute kasinzia mezani, mdomo wazi, siku hiyo naanza kukata mbao za darasa la watoto."

Mwalimu amekubali. Kabla ya mchana vibarua wawili wanaingiza meza, msimamizi nyuma yao na kiti chake kichwani. Anakaa. Anafungua droo, anaifunga, anainua macho.

"Anatazama juu bado," anasema Kabari. Anarudi kung'oa misumari kwenye zile mbao zilizopinda zilizoshikilia zege la paa, na kila anaoumaliza anaufunika turubai usilowe kabla ya kazi ijayo.