Bi Mkato na Salamu za Saa Saba na Dakika Arobaini

Saa saba na dakika thelathini na tisa mchana. Katika ukumbi wa kupokea simu za dharura, mwanamke wa miaka arobaini na saba anasogeza kiti karibu na meza, anafunika kikombe chake cha chai kwa kisahani, na kuweka kidole juu ya kitufe cha kijani. Simu haijaita bado.

Wenzake wawili wa zamu wanaacha kupiga soga. Mmoja anainuka kwenda msalani, kama anavyofanya kila siku dakika hiyo hiyo.

Saa saba na arobaini kamili, laini namba sita inaita.

"Huduma ya dharura, sema shida yako na mahali ulipo," anasema kwa pumzi moja. Kisha sauti inampungua. "Shikamoo, baba... Hatujambo... Wazima, wanasoma... Eeh, mvua imeshakatika."

Anatulia. Midomo inacheza lakini neno halitoki. Saa ya kwenye skrini inahesabu: arobaini na tisa, hamsini, hamsini na moja. Inapofika sekunde ya hamsini na mbili, simu inakatika yenyewe.

"Ndiye huyo," anasema, akifunua chai iliyokwisha kupoa. "Leo pia nimeshindwa."

Mwandishi wa makala haya alikuwa amevaa spika za masikioni za pembeni, zile wanazotumia wanafunzi wa kazi. Alichosikia ni mvumo tu, wa nyumba ambayo mtu ameacha simu wazi na kutoka nje.

Hapa kazini hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Bi Mkato, na jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza kati ya kumi na sita aliyokaa kwenye kiti hiki. Zamu moja huchukua saa nane, na simu zipatazo mia moja na arobaini. Wengine hutumia dakika tatu kwa kila mpigaji, yeye dakika moja na nusu. Vyeti vyake vitatu vya mpokeaji bora vimetundikwa sebuleni kwake, juu ya cherehani ya mumewe ambaye ni fundi nguo.

Kazi imemlipa vyeti na imemlipa maradhi pia. Sikio la kushoto linavuma usiku na mchana. Nyumbani, simu zote zimewekwa zisiite, maana mlio ukitoka popote anaruka na kutamka: "Sema shida yako na mahali ulipo." Watoto wake wawili humwigiza wanapoomba hela ya daftari.

Ufupi huo hakuusomea, alizaliwa nao. Kwao ni juu, sehemu za milima, kwenye baridi inayokata vidole. Huko watu wakikutana njiani ni "habari" na "nzuri", basi, kila mtu na njia yake.

"Kwetu ukimsimamisha mtu kwa salamu ndefu anajua unataka kumkopa," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Watu wa chini wanasema tuna roho za chuma. Lakini mimi nilimwona mama yangu akiingia kwa jirani mgonjwa bila hodi wala habari za asubuhi. Akawasha moto, akapika uji, akamwogesha yule mama, akaondoka. Hakusema neno. Hiyo ndiyo adabu yetu. Mtu ana shida, wewe unamuuliza habari za kuku wake?"

Huko chini, kwenye joto, mambo ni mengine. Mtu huulizwa habari za usiku, za watoto, za shamba, za safari, na za wale aliowaacha nyumbani, tena kila swali hujibiwa kwa wema. Kituo kinahudumia pande zote mbili. Bi Mkato anasema humtambua mpigaji ni wa wapi kabla hajamaliza neno la pili.

Miezi minne iliyopita, saa saba na dakika arobaini mchana, alipiga mzee wa chini. Aliamkiwa, akaitikia, akauliza habari za hapo, za watoto, za mvua. Sauti ilikuwa ya upole wala haikuwa na wasiwasi. Wakati huo lori lilikuwa limepinduka barabara kuu na taa za laini nyingine tano zilikuwa zikiwaka.

"Nikamwambia, baba, sema shida yako, watu wanasubiri." Anaangalia vidole vyake. "Akasema, 'Basi, mwanangu. Naona nimekukuta na kazi nyingi. Nitapiga wakati mwingine.' Akakata. Sekunde hamsini na mbili. Na mimi nikashukuru Mungu kwamba amekata."

Mzee hakupiga wakati mwingine. Siku ya nne jirani alisukuma mlango. Mkewe alikuwa sakafuni jikoni, alipoangukia. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, amevaa shati safi, simu mapajani. Wote wawili walikuwa wameshakufa.

Kituo kiliunda kamati, na kamati ikasema mpokeaji hakuvunja kanuni yoyote. Karatasi hiyo anayo, ameikunja ndani ya pochi. Haijamsaidia kitu.

Aliyemweleza kosa ni dereva wa gari la wagonjwa, mtu wa chini, mnene, mpole, anayesalimia hadi mashine ya kuuza maji. Walikuwa wameketi kwenye ngazi za nyuma.

"Dada yangu, yule mzee alikuwa anakwambia," dereva alimwambia. "Kwetu huwezi kumwangushia mtu msiba mlangoni. Unamjulia hali kwanza. Akimaliza kujibu, naye anakuuliza: nyumbani kwako je? Hapo unasema hatujambo, hata kama nyumba inaungua. Halafu ndiyo unasema 'ila'. Shida yote inakaa baada ya hiyo ila. Yeye alingoja umuulize."

"Mimi sikumuuliza."

"Hukumuuliza."

Simu ilianza kuita wiki iliyofuata, kwenye laini ile ile, dakika ile ile. Kwanza alidhani ni mtu anamchezea. Msimamizi wa zamu, mwanamke asiyependa mambo ya kishirikina, aliiangalia namba, akaona ni ya yule mzee, akaenda kwenye kabati lake la chuma na kulifungua. Simu ya mzee imo humo tangu siku ya kamati, ndani ya bahasha ya kaki. Betri imetolewa na kufungwa kando kwa mpira.

"Nilifunga kabati," msimamizi anasema. "Tangu siku hiyo sijaliuliza swali, nalo halijaniuliza."

Simu zote hapa hurekodiwa. Katika rekodi za simu hii ya kila siku inasikika sauti ya Bi Mkato peke yake. Baada ya kila jibu lake kuna kimya, na urefu wa kila kimya unatosha kabisa swali la mtu mzima asiye na haraka.

Kwa nini basi hamuulizi? Swali hili analijibu bila kuzunguka, kama watu wa kwao.

"Naogopa. Najua jibu. Lakini akinitamkia mwenyewe, nitakuwa nimesikia, na nikisikia lazima nitume gari. Nitaliandika limekwenda wapi?"

Muda nao umemwishia. Kesho kutwa laini hizi zinafungwa. Mtambo mpya utapokea simu zote, na mpigaji atabonyeza moja kwa ajali, mbili kwa uzazi, tatu kwa moto. Atakayeanza na salamu atakatwa baada ya sekunde kumi.

"Atakatwa tena," anasema Bi Mkato. "Na safari hii hata mtu wa kumlaumu hatakuwepo."

Siku ya mwisho anafika kazini na kitambaa kipya kichwani. Saa saba na nusu anakunywa chai yake yote. Safari hii mwenzake haendi msalani. Msimamizi anasimama nyuma ya kiti, mikono kifuani. Dereva yuko mlangoni na funguo za gari.

Laini namba sita inaita.

"Shikamoo, baba," anasema, na sentensi ya kanuni anaiacha. "Hatujambo sana. Watoto wazima, mkubwa anafanya mtihani mwezi ujao... Ahsante, tumwombee... Mvua imekatika, vumbi limerudi... Mume wangu hajambo, anashona." Skrini inasoma arobaini na nane. Anafumba macho. "Na nyumbani kwako, baba? Hawajambo?"

Hamsini na mbili inapita. Hamsini na tatu. Katika spika za pembeni, ule mvumo unakoma ghafla.

"Ndiyo, baba. Nasikia." Anavuta karatasi na kuandika, akirudia kila neno kwa sauti kama kazi inavyotaka. "Mama watoto. Ameanguka. Jikoni. Tangu asubuhi. Anapumua lakini haongei." Machozi yanadondoka juu ya maandishi naye hayafuti. "Hujanisumbua, baba. Hujanisumbua hata kidogo. Gari linakuja. Acha mlango wazi."

Dakika nne na sekunde kumi. Anaandika anwani ya nyumba ambayo haikaliwi na mtu, anagonga muhuri, na kumpa dereva. Msimamizi anaiona karatasi. Anatia sahihi.

Baada ya dakika thelathini na moja redio inakwaruza.

"Nimefika," inasema sauti ya dereva. "Mlango uko wazi. Nimepiga hodi, nimeingia. Ndani hakuna mtu. Jikoni pamefagiliwa. Ila hapa nje vimetolewa viti viwili. Viko kama vya wageni."

"Rudi," msimamizi anasema.

"Narudi, mama. Naomba nikae kwanza kidogo. Si adabu kuondoka palepale."

Wote ukumbini wanasikiliza redio iliyoachwa wazi. Dereva anajulia hali mtu fulani, polepole, swali baada ya swali, na katikati ya maswali anangoja. Hakuna aliyenyoosha mkono kuizima.

Siku iliyofuata, saa saba na dakika arobaini, mtambo mpya ulikuwa umewashwa na laini namba sita ilikuwa waya tu ukutani. Bi Mkato alikuwa amefunika chai yake. Hakuna kilichoita.

Sasa ameomba kituo kiruhusu mtambo umuunganishe yeye na mpigaji mtu mzima yeyote anayenyamaza baada ya salamu, badala ya kumkata. Ameahidiwa kwamba ombi litajadiliwa. Kuhusu likizo yake ya mwezi ujao hangoji kujadiliwa. Tiketi ya kwenda chini ameshakata, na mumewe amemshonea gauni la safari.

"Dereva alikalia kiti kimoja tu," anasema. "Nitakwenda nikakalie cha pili. Nitamwamkia, nimuulize habari za nyumbani, nimwache aseme mpaka amalize. Mume wangu ananiuliza nitarudi siku gani."

Anachukua pochi, anatoa karatasi ya kamati iliyokunjwa, anaiweka juu ya meza na kuiacha hapo.

"Nimemwambia sijui. Sina haraka."